Injini Iliyogongwa kwa Kokoto

Miaka ile kabla Mjerumani hajapigana na Mwingereza, nilikuwa msaidizi wa fundi wa Kijerumani aliyeendesha boti ya misheni kati ya Matema na Ikombe. Nilishika usukani, nilimimina mafuta, na niliwaeleza watu kwa Kikisi maneno ya fundi, nikiyaruka matusi.

Boti ikaanza kukohoa. Asubuhi injini ikiwa baridi ilikwenda vizuri. Ikishapata moto ilitoa moshi mweupe, ikatetemeka, ikazimika ziwani. Wiki moja tulirudi kwa makasia mara tatu, fundi akipiga kasia upande mmoja na kununa upande wa pili. Alizibua mirija, akabadilisha mafuta, kisha akanituhumu kwamba ninayatia maji. Niliapa kwa Biblia yake mwenyewe. Mwishowe, pale ufukweni Lyulilo, penye soko la vyungu, aliifungua injini yote, akaipanga juu ya mkeka, akakaa anaitazama kama mtu aliyesahau alichotumwa sokoni.

Shangazi yangu, mfinyanzi wa Ikombe, alikuwa ameleta vyungu siku hiyo. Akaja kunisalimia, akaiona silinda.

"Hiki nacho ni chungu?"

"Ndimo moto unamowaka, shangazi. Maji yanapita pembeni ili chuma kisiungue."

Sijakaa sawa, ameokota kokoto na kuigonga, kama anavyopima vyungu vyake. Ngi! Akaigeuza silinda, akagonga upande wa pili. Pwa.

"Kimepasuka. Mwambie."

"Shangazi, hicho ni chuma cha Ulaya."

"Sikukuuliza kimetoka wapi."

Nikamwambia fundi. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Halafu akachukua lile kokoto, akagonga mwenyewe. Akaipaka silinda mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akainyunyizia majivu. Mstari mwembamba kama unywele ukajitokeza, umelowa. Kumbe chuma kikipata joto ufa ulifunguka, na maji yakaingia kwenye moto.

Fundi alimtazama shangazi, akatoa neno pekee la Kinyakyusa alilolijua, lile la kushukuru: "Ndaga."

"Akileta nyingine," shangazi akaniambia, "aigonge kabla hajailipia."

Injini nyingine ilifika baada ya miezi, kwa meli kutoka kusini mwa ziwa. Kiunzi cha ile ya zamani, kilichobaki botini, tulikitoa watu wanane kwa mianzi na kamba, mmoja akapoteza ukucha wa kidole gumba. Mpya ikakataa kukaa: matundu ya bolti hayakuoana na ya boti. Tukachonga kitako kipya cha mbao ngumu, na fundi akalala kifudifudi siku tatu akiinyoosha ilingane na rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji. Akiniomba spana, nilimpa nyundo. Akiniomba nyundo, nilikuwa nimeikalia.

Siku ya kuijaribu, mchungaji alipanda na koti lake jeusi. Boti ilitazama ziwani. Nyuma yetu mtumbwi wa shangazi ulikuwa unaingia, umejaa vyungu. Fundi akalizungusha gurudumu la kuwashia, injini ikanguruma, watu wakashangilia, naye akavua kofia kuwapungia.

Boti ikaenda kinyumenyume.

"Simamisha!" nikapiga kelele. Yeye alidhani nashangilia. Tuliusukuma mtumbwi mpaka mchangani, shangazi akiwa amesimama ndani yake, anatusema mmoja mmoja, mchungaji akiwamo. Vyungu vitano vilivunjika.

Injini za aina ile, fundi alieleza akiwa mwekundu, huweza kuwaka zikizunguka upande wowote. Yeye alikuwa amelizungusha gurudumu upande usio wake. Nikamtafsiria shangazi.

"Sawa," akasema. "Vilivyobaki atavipeleka sokoni yeye."

Fundi akaviteremsha vyote, akavibeba kimoja kimoja, amevikumbatia kifuani kama watoto wa ubatizo. Shangazi alimfuata nyuma.

"Kichwani, Bwana! Kichwani!"

Hilo sikulitafsiri. Fundi alielewa, akajaribu, na cha sita kikavunjika.