Kisanamu cha Babu wa Misima

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Hapa Manundu natengeneza visanamu vya watu kwa kufuata picha, na wateja wangu wengi huleta picha za marehemu wao. Basi dada mmoja akaleta picha ya babu yake, imefifia, akasema familia yote inakutana Misima Jumamosi. Sikuuliza. Nikajua ni msiba.

Nikafinyanga, nikapiga msasa, nikapaka rangi mpaka mikunjo ya uso ikakaa sawasawa. Kwenye kitako nikaongeza maneno ya dhahabu kwa hiari yangu: PUMZIKA KWA AMANI, BABU. Nikapiga vanishi yasifutike.

Jumamosi nikakipeleka mwenyewe, nimevaa nyeusi tupu. Turubai lipo, masufuria yanachemka. Nikawaambia wapishi poleni, wakaitikia asante, wakaendelea kumenya vitunguu. Yule dada akaniongoza mpaka kwa mzee aliyeketi nyuma ya keki. Ule uso niliujua kila mkunjo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba.”

Akakipokea, akasifia pua, akakigeuza, akasoma kitako taratibu kwa sauti.

“Mjukuu wangu,” akaniuliza, “kwani hawa wamenizika lini?”