Oili ya Giaboksi Kwenye Sufuria ya Pilau

Nalisema mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana Landani hii maneno hayasubiri treni, na naambiwa aibu yangu imeshatiwa chumvi ya kutosha huko ilikofika: mimi ndiye niliyeharibu hitma ya marehemu kaka yake Bi Zuhura.

Gari langu lilikuwa linasitasita kubadilisha gia, nikatazama video kwenye simu (moja tu, na nusu yake niliiruka), nikajiona fundi. Jumamosi asubuhi, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikalipandisha gari juu ya stendi mbele ya nyumba yetu Ilford ili nimwage oili ya giaboksi. Yule wa kwenye video alisisitiza uikinge yote, uipime, kwa sababu kiasi kilichotoka ndicho unachorudisha. Nikatafuta beseni, yote madogo, basi macho yakanipeleka stoo, kwenye ile sufuria kubwa ya pilau ya akina mama wa jumuiya yetu, akiwemo Bi Zuhura, ambayo tunaitunza sisi kwa kuwa ndio wenye nafasi. Nikatandika mfuko mweusi wa taka ndani yake, nikaisukuma uvunguni, nikafungua nati, nikasema acha ijichuje taratibu, nikaenda kujinyoosha dakika kumi.

Nimeamka saa saba na nusu mchana. Sufuria haipo! Mfuko wa oili umefungwa vizuri, umewekwa kando ya pipa la taka, nao unavuja. Nikasimama pale sielewi, mwizi gani huyu anaiba sufuria na kufunga taka? Jirani yangu Bwana Desai, mzaliwa wa Kisumu, akachungulia juu ya uzio.

"Umelala sana, bwana. Bi Zuhura alikuja kuchukua sufuria. Amesema leo kuna hitma ukumbini Barking."

Leo? Mimi akilini mwangu hitma ni Jumamosi ijayo! Na mfuko umetoboka, kwa hiyo oili iliingia kwenye sufuria, au haikuingia? Kama iliingia, wameiosha, au wamepikia hivyo hivyo? Nampigia Bi Zuhura, hapokei. Nampigia mke wangu, yuko kazini, hapokei. Nikawaona watu wote wa hitma wamelazwa hospitali. Gari liko juu halina oili, basi nikapanda basi na ovaroli yangu, abiria wananikwepa.

Nikaingia ukumbini mbio, wanaume wamezunguka masinia, matonge mkononi.

"Msile! Sufuria nilikingia oili ya gari!"

Matonge yakarudi kwenye masinia moja moja (mzee mmoja, ambaye tayari alikuwa ameongeza mara mbili, akakimbilia chooni). Bi Zuhura akatoka jikoni, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, tumepikia sufuria ya kuazima. Ile ya kwako niliiona ina mafuta, nikaiacha ndani ya gari langu, nikawaambia watu imetoboka. Nilikuwa nakusitiri."

Nikageuka kuwaapia kwamba pilau ni salama, lakini nani amwamini mtu aliyelowa oili? Wakanawa mikono, wakaaga. Bi Zuhura akabaki kufunika masinia yaliyojaa, naye alitaka kaka yake aombewe na watu walioshiba. Niliona haya mpaka nikashindwa kumsaidia.

Nimeapa giaboksi sitaigusa tena, na nimeapa kwamba siku nyingine nikichanganyikiwa nitamnong'oneza kwanza mwenye shughuli. Bi Zuhura anasema amenisamehe, bado ananiita mwanangu. Ila nimesikia hitma ilisomwa upya wiki iliyopita, watu wakala wakashiba, na mimi sikuambiwa.