Kuta za Mkoma Dume

Mpaka nilipozaa mtoto wa tatu nilikuwa sijawahi kulala kwenye nyumba yenye misumari. Nyumba zangu zote nilizijenga kwa mikono yangu, kwa fito za kupinda, na tulipohama zilipanda mgongoni mwa ngamia. Kwetu Wasomali nyumba ni ya mwanamke. Mume ana mifugo, mke ana nyumba, na mume akimkosea mkewe analala nje. Kwa hiyo vita vya waasi vilipotufikia na serikali ikatuamuru wafugaji tuingie mjini Garissa, na mume wangu akapata kazi ya utarishi pamoja na kiwanja karibu na soko, sikuona kwa nini nimwachie yeye suala la kuta.

Yeye aliona. "Tutaweka mabanzi," alisema. Mabanzi ni yale mapande ya pembeni ya gogo, yenye gome upande mmoja, yaliyoletwa na malori kutoka bara chini ya ulinzi wa jeshi. "Kila mtu anajengea mabanzi."

"Mimi si kila mtu," nikamjibu.

Nilikuwa nimeshakagua nyumba za jirani. Kwenye ukuta wa mabanzi ambao haukuwa umemaliza mwaka, nilibonyeza kwa kidole na kidole kikazama. Vumbi la mchwa likamwagika kama unga. Mwenye nyumba alikuwa anapika hapo hapo ndani wala hakujua kwamba analindwa na gome tupu.

Nilimwendea fundi seremala, Mpokomo aliyekuwa na karakana chini ya mgunga. Kiswahili changu kilikuwa cha juzi, nikitamka b kila penye p, lakini hakuwahi kunicheka.

"Fundi, niba kibande cha kila mti ulio nao."

Alinipa vitatu: banzi la mkaratusi, ubao wa sanduku la mizigo, na kipande cha mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi unaoota kando ya Tana. Nikavizika vyote kwenye kichuguu nyuma ya kiwanja chetu. Baada ya majuma matatu nilimwita mume wangu, nikafukua mbele yake. Ubao wa sanduku haukuwepo tena. Banzi lilikuwa limebaki ganda. Kipande cha mkoma nilikipangusa udongo kwa shuka yangu nikampa mkononi. Alikigeuzageuza, akakigonga kwenye jiwe.

"Haya," alisema. "Mkoma."

Lakini mikoma ilikuwa mtoni, nje ya uzio ambao jeshi liliuzungushia mji, na kutoka nje ya uzio kulihitaji kibali. Mume wangu alikiomba ofisini kwao. Tulipewa asubuhi moja, pamoja na askari wawili wa kutusindikiza, na tulitakiwa tuwe tumerudi kabla ya adhuhuri.

Huko mtoni fundi alinieleza jambo ambalo sikulijua. "Mama, usichukue unaozaa. Mkoma jike mbao zake hutobolewa na wadudu. Chukua dume, nguvu zake zote zimebaki mwilini."

Nikaanza kupita shina kwa shina, nikiinua shingo kutafuta matunda. Askari mmoja alikuwa hatulii, macho yake yote vichakani. "Mama, mti si mti tu? Kata twende."

"Ndugu yangu, wewe utalala kambini. Humu nitalala mimi."

Nilikuwa nimechagua mitatu, na fundi anautia alama wa nne, tuliposikia vijiti vikivunjika ng'ambo ya kichaka. Askari walipiga kelele tulale chini. Nililala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga. Nikawaza watoto wangu watatu niliowaacha kwa mama mkwe. Kisha nikaona, karibu kabisa na pua yangu, chini ya majani makavu, kokwa ya tunda la mkoma. Si moja. Za zamani na za juzi, zimelizunguka lile shina la nne pande zote.

Kichakani wakatoka nyani, mama na mtoto mgongoni, wakatutazama na kwenda zao. Askari yule alikaa chini akacheka mpaka akavua kofia. Mimi nilisimama, nikajikung'uta.

"Fundi, huu ni jike. Futa alama."

Alitazama kokwa, akaifuta. Tukapata dume mwingine karibu na maji.

Fundi alipasua magogo kwa kabari. Mbao zilikuwa za kahawia na nyuzi nyeusi ndani yake, ngumu hivi kwamba ilibidi kila tundu la msumari litobolewe kwanza. Nilimwambia azilaze, ubao wa juu ufunike kichwa cha wa chini, ili mvua ya upepo isiingie.

Mama mkwe alikuja siku tuliyomaliza. Aliizunguka nyumba mara mbili.

"Hii itapandishwa kwenye ngamia gani?" aliuliza.

"Ngamia wamekwisha, hooyo," nilimjibu, yaani mama.

Walikuwa wamekufa kwa kufungiwa bila malisho, naye alijua. Aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo kwa muda. Halafu akaketi, akaegemeza mgongo kwenye mbao zangu na kuagiza chai.

Siku ya tatu aliingia na mikeka ya nyumba yake ya zamani, ile aliyoisuka akiwa bibi harusi, akaitundika ndani mpaka kuta zote zikafunikwa. Nilimshikia kamba alipokuwa akifunga.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni, akauliza mbao zimekwenda wapi.

"Zipo," nikamwambia. "Gonga."

Akagonga.