Amplifaya Iliyofunikwa Majani ya Migomba

Sitaki kumwomba mtu radhi kwa uzito wa amplifaya yangu. Ni nzito, ndiyo. Inabebwa na watu wawili, na mmoja lazima niwe mimi, maana wanaume wa bendi yetu huibwaga kama mkungu wa ndizi za pombe. Ni sanduku la mbao lililochubuka pembe zote, na nyuma lina wavu wa chuma. Ukichungulia kwenye ule wavu utaona valvu zake, chupa za kioo mfano wa balbu, tatu ndogo na nne kubwa, ambazo zikiwashwa hupata wekundu wa makaa. Mjomba wangu aliinunua ng'ambo ya Murongo, kwa mpiga gitaa wa Uganda aliyekuwa ameokoka na kuacha muziki wa dunia. Mjomba alipozeeka akanipa mimi, binti wa dada yake, akawaruka wanawe wa kiume watatu. Ukoo ulinuna. Mpaka leo wapo walionuna, na waendelee.

Wananiuliza kwa nini nisinunue moja ya hizi nyepesi za siku hizi, mtu unaitia kwenye begi na kupanda bodaboda. Nimezijaribu. Sauti inatoka, sikatai, lakini haina kifua. Kwenye valvu nikiupapasa uzi gitaa linanong'ona, nikiuchapa linakoroma, na siku nikiwa na hasira watu wa kwetu Nyabiyonza wanajua hata kabla sijafungua mdomo. Gharama yake ni subira. Unawasha swichi ya kwanza, unaziacha valvu zipate moto, ndipo unawasha ya pili na kupiga. Dakika chache tu.

Dakika hizo ndizo zilizomshinda kiongozi wetu. Yeye anapiga kinanda, nami nimemzidi miaka kumi na zaidi. Tukiwa mazoezini, wiki ya sherehe ya kumuaga binti mmoja kule Nkwenda, alinisimamisha mbele ya wenzangu.

"Dada, heshima yako iko palepale," alisema, "ila lile sanduku limetuchosha. Kila shughuli tunalisubiri kama chai ya msibani. Likituangusha Nkwenda, halipandi tena gari. Wewe utakaa na akina dada kwenye kiitikio. Kinanda changu kina kitufe cha gitaa."

Kitufe! Miaka ishirini ya vidole kuota sugu, halafu mtu ananiambia ana kitufe. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, nikayameza yote likabaki moja.

"Tutaonana Nkwenda."

Jumamosi tulifika asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na shamba la migomba, na kahawa iliyokuwa inaanikwa uani imesogezwa pembeni pamoja na jamvi lake. Soketi ya kuaminika ilikuwa moja, ukutani karibu na jiko la nje, basi amplifaya nikaiweka hapo. Wanawake walikuwa wamekaa wakimenya ndizi, na mkubwa wao alikuwa shangazi wa bibi harusi, mama mzee aliyeshika kisu kana kwamba alizaliwa nacho. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hiki ni kitu gani?"

"Cha kukuza sauti ya gitaa, mama. Hakipigi mpaka kipate moto. Nakiacha hapa, naomba watoto wasikiguse."

"Kipate moto kwanza, waitu?" akauliza, kwa neno letu la heshima.

"Ndiyo mama, sawasawa."

Nikawasha swichi ya kwanza, nikaenda kwenye turubai kuwasaidia wenzangu kufunga maikrofoni. Kosa langu ndilo hilo. Nilimwambia mpishi wa Kinyambo kwamba kitu lazima kipate moto sawasawa, kisha nikamgeuzia mgongo.

Kwetu huku kila mtoto wa kike anajua chungu hakiachwi wazi. Ndizi zinafunikwa kwa majani ya migomba yaliyobabuliwa, yanakunjiwa pembeni mpaka mvuke ukose pa kutokea. Yule mama alichungulia sanduku langu, akauona moto mdogo ndani yake na wavu wazi kabisa nyuma, akahisi huruma. Akachukua majani yake mazuri kabisa, yakiwa bado yanachuruzika maji, akafunika juu na nyuma, tabaka baada ya tabaka. Akayakandamiza kwa jiwe.

Niliporudi nilikuta kichuguu cha kijani kinafuka mvuke.

"Nimekufunikia," akasema, uso wote ukicheka. "Bado kidogo tu."

Nikanyoosha mkono niyafunue. Ndani ya majani kitu kililia ta! na taa ndogo ya mbele ikazimika.

Nikachomoa waya, nikafunua. Valvu moja kubwa, ya pembeni, ilikuwa imepasuka, na kichwa chake kilichokuwa kinang'aa kama kioo cha kujitazamia kimegeuka cheupe kama maziwa. Valvu ikiwa nyeupe hivyo imekufa, haina dawa. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumpiga mtu, yeyote, hata padri. Shangazi alinitazama mimi, akatazama majani mkononi mwangu, na kicheko kikamtoka usoni polepole.

Kiongozi wetu alikuwa ameshafika. "Nani kafunika hiki kitu?"

Nilijua vizuri kilicho mbele yangu. Nikimtaja mwenye majani, kosa ni la wenyeji, sanduku langu linabaki kwenye gari na mimi kwenye gitaa langu. Lakini mchana ule ule mama huyu ndiye angemtoa binti ndani na kusimama mbele ya wakwe kusema kwa niaba ya ukoo. Asimame vipi na habari kwamba ameharibu mali ya wageni?

"Mimi niliagiza lipate moto," nikasema. Wala sikudanganya.

"Basi limetuangusha."

"Bado halijaanguka. Nipe nusu saa."

"Sitakusubiri," akajibu, akaenda kwenye kinanda chake.

Nikalibeba sanduku mpaka juani, na aliyeshika upande wa pili alikuwa shangazi mwenyewe, bila kuombwa. Tukaliweka kando ya jamvi la kahawa, ubavuni mwa turubai. Nikalifuta kwa upindo wa kanga, nikaliinamisha maji yatoke, nikangoja likauke. Mjomba alinifundisha kwamba zile nne kubwa zinafanya kazi mbili mbili, ikifa moja unamtoa na mwenzake, zinabaki mbili. Nikatoa zote mbili za pembeni. Fyuzi nayo ilikuwa imekatika; ya akiba mjomba alikuwa ameibandika ndani ya wavu kwa gundi ya karatasi, mzee yule, kana kwamba aliiona Nkwenda akiwa bado hai. Nikabadilisha, nikavuta waya mrefu kutoka ile soketi ya jikoni, nikawasha swichi ya kwanza, nikasimama mbele ya wavu kama askari.

Turubaini walikuwa wameanza. Binti anatolewa ndani na shangazi yake, hatua kwa hatua, na kiongozi wetu amebonyeza kitufe chake cha gitaa. Kililia kama nyuki ndani ya kopo. Nikawasha swichi ya pili, nikashika gitaa, nikaingia kwenye wimbo.

Sauti ilikuwa nusu ya ile niliyoizoea, lakini kifua kilikuwepo. Sikuongeza. Nilipiga kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua, na kama mtu anataka kusikia basi anyamaze. Mpiga besi akanitupia jicho, akapunguza sauti yake. Mpiga ngoma akaweka fimbo chini, akaendelea kwa mikono. Kikabaki kinanda peke yake kinapiga kelele, watu wakaanza kumgeukia, na mwishowe kiongozi wetu akakiondoa kidole kwenye kitufe.

Shangazi alipofika usawa wetu na binti mkononi, alitoka kwenye mstari, akaweka kiganja juu ya sanduku langu.

"Kimeiva," akasema, na akaenda zake kuwahutubia wakwe, kichwa juu.

Jioni wakati wa kupakia, kiongozi wetu alisimama mbele ya amplifaya, mikono kiunoni.

"Nusu yake imekufa," akasema.

"Nusu iliyobaki ndiyo iliyomtoa binti. Kinanda chako kizima kilikuwa wapi?"

Mpiga besi akakohoa kuficha kicheko. Nikashika mpini wa upande wangu, nikasubiri. Nilikuwa tayari kusubiri mpaka asubuhi. Mwisho akainama, akashika wa upande wake.

"Taratibu," nikamwambia. "Bado ina moto."