Shemeji Alinichagulia Laptop, Sasa Nadaiwa Sauti ya Marehemu Mama Mkwe

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu na studio ndogo ya picha hapa Majengo, Songea. Mhariri, jina langu lifiche vizuri, maana huku gazeti moja linasomwa na mtaa mzima na wakwe zangu ni wepesi wa kujitambua. Naandika nikiwa na hasira, na sitajifanya sina.

Kwa miaka mingi nilipiga picha za pasi na za komunyo, mkono wangu ukakubalika. Kisha watu wakaanza kutaka video za harusi zenye majina yanayopita chini na maharusi wanaotokea ndani ya ua la waridi. Kamera ya kanda ndogo nilikuwa nayo, ila kanda za kukatwa na kuunganishwa nilizituma Dar kwa basi, na mteja alisubiri mpaka maharusi wanapata mtoto. Nikaamua kutafuta laptop. Mpya sikuiweza, nikataka ya mtumba.

Katika ukoo wa mume wangu mtu wa kompyuta ni mmoja tu, mdogo wake. Alisoma kozi ya miezi sita Dar, akarudi na mkoba wa begani, na tangu hapo hata redio ikikoroma anaitwa yeye. Mume wangu akasema nisinunue chochote bila shemeji kukagua. Tukaenda naye duka moja hapa hapa Majengo. Maswali yangu nilikuwa nimeyaandika: diski inabeba saa ngapi za video, na ikifanya kazi kutwa nzima itavumilia? Shemeji aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni mwake. Akainyanyua laptop, akasema uzito wake ni wa mashine ya kweli, akaweka CD ya video ya muziki, wimbo ukacheza mpaka mwisho bila kukwama.

"Shemeji, kama inacheza video hivi, kukata video haiishindi," akasema. "Lipa twende."

Nikalipa. Hapo ndipo ninapojichukia. Leo najua kwamba kuonyesha video ni kazi nyepesi, na kuikata kwa mashine kama ile ni kupika chakula cha harusi kwenye sufuria ya chai. Hata picha za kawaida ilinitesa. Kioo chake kilidanganya rangi: humo ndani sura zinang'aa, nikizichapa watu wametoka weusi kama masizi.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa harusi ya shemeji mwenyewe. Mama mkwe, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mbele za watu, alisimama akawausia maharusi karibu robo saa, Kiswahili kidogo, Kingoni kingi, na wanaume wazima wakalia. Nilirekodi yote. Jumatatu nikayahamishia kwenye laptop. Jumapili iliyofuata nilikuwa na kazi ya kipaimara, na kanda mpya zilikuwa zimeadimika mjini. Sisi wapiga video wa hapa tunarudia kanda zetu, si mimi peke yangu. Hata hivyo nilimuuliza shemeji kwanza. Akanijibu kwamba kilichoingia kwenye kompyuta kimeingia, kanda niitumie tu. Nikarekodi kipaimara juu ya wosia wa mama.

Ile laptop ilikuwa inapata moto mpaka huwezi kuigusa, halafu inajizima. Siku chache baada ya kipaimara ilizima moja kwa moja. Fundi akaifungua, akasema diski imekufa, hakuna cha kuokoa. Nikaanza kudanganya. Kila aliyeulizia video nilimwambia bado naweka majina. Kabla sijapata ujasiri wa kusema, mama mkwe akaugua, na baada ya wiki mbili tukamzika.

Sasa ukoo wakataka siku ya arobaini wakae pamoja waisikie sauti yake. Ikabidi niseme ukweli. Aliyesimama wa kwanza ni shemeji. Alisema mbele ya wote kwamba mimi ni mpiga picha za pasi niliyejitia ufundi, na kwamba nimemzika mama yao mara ya pili. Wazee wakaamua kwamba Jumapili hii, ndiyo siku ya arobaini, baada ya misa nipige magoti mbele ya ukoo, niombe radhi, na nisirekodi tena shughuli za watu. Mji wetu ni mdogo. Wakwe zangu wakinikataa, nani mwingine ataniita?

Nikaenda dukani kugombana. Mwenye duka alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mama, ile mashine aliileta shemeji yako mwenyewe nimuuzie. Nilimwambia inajizima ikipata moto. Akasema anajua, na mteja anaye."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza mume wangu. Hakushtuka. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akasema, "Nilijua ni yake. Nilidhani itakufaa. Omba radhi tu yaishe, tuko kwenye msiba."

Wasomaji, kosa la kufuta kanda ni langu. Kwa mama yule nitapiga magoti hata kaburini, alinipenda. Lakini yule mwanawe ataketi mbele yangu Jumapili, miguu ameikunja, akinisubiri niiname, na mume wangu ataketi kando yake. Nikisema ninachokijua nitawavua nguo wote wawili kwenye arobaini ya mama yao, na ndoa sijui kama itabaki. Nikinyamaza, Jumatatu nitafunga studio na kuwapikia chai watu walionifanya mjinga wao. Wenye ushauri wa kuvumilia kwa sababu mimi ni mwanamke, kaeni nao. Wengine nishaurini, Jumapili nipige magoti au nifungue mdomo?