Sauti Isiyoteleza

Mtengeneza makufuli alikuwa na redio kabla hajawa na mke. Mke alipoolewa aliikuta imeshika pembe nzuri ya sebule, juu ya meza yake mwenyewe, imefunikwa kitambaa safi. Akauliza ni kitu gani. Akaambiwa ni redio ya kuongelea, si ya kusikilizia habari: unamwita mtu aliye mbali, naye kama ana yake anakuitika. Mke akaizunguka mara mbili.

"Basi huyu ndiye Bi Mkubwa," akasema. "Mimi nimemkuta."

Jina likaganda hapo hapo.

Bi Mkubwa alikuwa mzito. Wanaume wanne walimwingiza, na tangu siku ile nyumba imeinama upande wake, hata chungwa likikudondoka jikoni unakwenda kuliokota sebuleni. Ndani hakuwa na hivi vidude vya siku hizi vidogo kama punje za ulezi. Alikuwa na taa za kioo. Ukimwasha zinaiva nyekundu polepole, kama makaa yanayopulizwa na mvivu, mpaka sanduku zima linapata joto. Kuku wa jirani aliwahi kuingia akakaa juu yake, na yai alilotaga lilikuwa limekwisha kuchemka. Asiyeamini akamuulize kuku.

Kila Jumapili saa tatu asubuhi mtengeneza makufuli aliongea na rafiki yake Kinyozi, aliyeishi mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Miaka ishirini na sita. Walionana uso kwa uso mara moja tu, na siku hiyo walikaa wakitazamana kama mbuzi wa kununuliwa, hakuna neno, mpaka Kinyozi alipohamia chumba cha pili wakaongea kupitia ukutani. Hapo ndipo maneno yalipokuja.

Kinyozi naye alikuwa na mashine ya aina ile ile, pacha wa Bi Mkubwa. Wawili hao waliwacheka wenye redio mpya, wakasema zile ni simu zilizovimba. Lakini wapumbavu hawakuwa. Walijua mashine zao zinazeeka, kwa hiyo wakabuni ya kesho. Mtengeneza makufuli aliichora nyuma ya kalenda: moyo wa taa za kioo, akili ya kisasa, gurudumu zito la chuma la kutafutia mawimbi, na yenyewe ijue njia ya hewani iliyo wazi lakini imwombe mwenyewe ruhusa kwanza. Wakaapiana. Siku itakayotoka mashine hiyo watahama wote wawili pamoja. Kabla ya hapo hahami mtu.

Sasa, katika taa zile kuna moja waliyoiita taa ya kusemea. Ikifa hiyo unasikia ila husikiki. Nayo ilikwisha kuadimika, haitengenezwi tena popote. Taa ya Kinyozi ilipokufa, mtengeneza makufuli alikuwa na ya akiba moja tu, ameivingirisha ndani ya soksi. Akaifungasha katikati ya mkate mzima isipasuke, akaipeleka kwa basi. Mke akamuuliza, na yetu ikifa je?

"Redio nzima na rafiki bubu," akajibu, "nitaongea na nani?"

Miaka miwili ikapita. Mwaka huu taa ya Bi Mkubwa nayo ikaanza kuchoka, na Kinyozi mwenyewe ndiye aliyemwambia: sauti yako inakonda, fundi. Jumapili moja mtengeneza makufuli akameza aibu yake, akaamua kumwomba Kinyozi amsaidie kutafuta nyingine kule kwao.

Kuna jambo la kujua. Mashine ya taa ikiwa ya baridi, sauti yake hewani inateleza, inatoka kwenye wimbi lake. Mtengeneza makufuli alikuwa akiwasha ya kwake saa nzima kabla, itulie. Kinyozi, mpenda shuka, aliwasha dakika ya mwisho. Kwa hiyo kila Jumapili, robo saa nzima, sauti ya Kinyozi ilikuwa ikikimbia kidogo kidogo, na mtengeneza makufuli akiifuata kwa vidole juu ya gurudumu, kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa hajui tena kwamba anafanya hivyo.

Jumapili ile ya ombi sauti ikasimama mahali pamoja, haikuteleza. Kinyozi akasalimia, akalalamikia goti, akamsema mkwewe, na vidole vya mtengeneza makufuli vikakaa bure. Lile ombi likarudi tumboni.

Akamuuliza chai yake iko wapi leo.

"Juu ya mashine, kama siku zote," Kinyozi akasema. "Inapata moto."

"Nyanyua kikombe, ndugu yangu. Weka kiganja pale kilipokuwa, uniambie kuna joto gani."

Hewa ikakwaruza. Kikombe kikasikika kikinyanyuliwa.

"Ni baridi," Kinyozi akasema. "Nilinunua mpya. Jumatatu iliyopita."

"Ile tuliyoichora imetoka?"

"Hapana. Ni ya kawaida tu. Ndogo."

Akauliza mashine ya zamani iko wapi. Kinyozi akasema amempa mwenye hoteli, ameiweka mapokezi, watu wanapiga nayo picha. Hapana, haijachomekwa kwenye umeme. Juu yake wameweka chombo cha maua. Na taa ile iliyokwenda ndani ya mkate? Taa imo humo humo ndani. Alisahau kuichomoa.

Mtengeneza makufuli alibonyeza aseme. Alikuwa na maneno ya miaka ishirini na sita, mengine hata hayatamkiki mbele ya watu. Taa ya kusemea ikawaka buluu mara moja, ikazimika.

"Fundi?" Kinyozi akaita. "Fundi, nitukane basi."

Jumapili iliyofuata akaita tena, na iliyofuata. Anaomba radhi, anasema ameifuata mashine hotelini, mwenye hoteli akakataa kuirudisha, anasema yeye angeweza kuvumilia tusi lakini si kununiwa. Mke anasikiliza akiwa mlangoni na sahani mkononi.

"Nimpigie simu nimwambie hukununa? Nimwambie Bi Mkubwa amekauka sauti?"

"Mwache."

"Atadhani umemchukia."

"Mwache adhani."

Mke akaketi, jambo asilolifanya karibu na meza ile. Akasema huyu mke mwenzangu sasa amekuwa kama wake wote wa siku nyingi, anasikia kila kitu na hasemi neno. Mume hakucheka. Kinyozi alikuwa akieleza habari za goti lake kwa mtu asiyemjibu, sauti safi, imetulia pale pale kama msumari, na vidole vya mtengeneza makufuli vilikuwa juu ya gurudumu, vikingoja iteleze.