Mihuri Ishirini ya Redio

Maktaba ile ilikuwa na milango sita, na funguo zote sita zilikaa kiunoni mwa mwanamke mmoja, kwenye kamba ya mkoba uliokatika. Ndiyo maana watoto walimwita Bibi Funguo, na wakubwa wakafuata. Miaka ishirini na miwili alifagia, akapiga deki, akafuta vumbi, na jioni akarudisha vitabu kwenye rafu zake. Hakukosea rafu hata siku moja. Kila kitabu kilibandikwa karatasi ya rangi mgongoni: nyekundu pale, buluu pale, kijani kule dirishani. Watu walimwona anavyorudisha haraka haraka wakadhani anasoma. Yeye hakuwahi kusema kwamba anasoma, wala hakuwahi kusema kwamba hasomi. Shule alikaa madarasa mawili, akatolewa alee wadogo zake. Herufi alizijua moja moja, kama unavyowajua majirani kwa sura bila kujua nani ndugu wa nani. Jina lake aliliandika. Lakini kitabu kizima, hapo ndipo palipokuwa na mlima.

Likizo ndefu ilipoingia, Mkutubi, yule binti wa miwani aliyesimamia maktaba, akatangaza mpango wa kusoma. Kila mtoto anapewa kadi yenye visanduku ishirini. Anamsomea msikilizaji kitabu kwa sauti, msikilizaji anafuata kwa macho, na kitabu kikiisha kadi inapigwa mhuri wa nyota. Atakayejaza kadi wa kwanza atasoma mbele ya wazazi siku ya kufunga, tena kitabu atakachochagua mgeni. Wasikilizaji walikuwa walimu wawili. Wiki ya kwanza tu mmoja akavunjika mguu.

"Bibi, niokoe," Mkutubi alisema. "Wewe uko hapa siku zote. Kaa na watoto, wakusomee, upige mhuri."

Bibi Funguo angeweza kusema pale pale kwamba hajui kusoma, na mambo yangeishia hapo. Lakini mlinzi wa getini alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, masikio yamemsimama, na mbele ya mlinzi yule Bibi Funguo hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu kimemshinda.

"Lete huo mhuri," alisema.

"Eh, mwalimu," mlinzi akasema. "Na mimi nije nisome?"

"Wewe anza na saa. Kila siku unachelewa."

Basi akakaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, akasikiliza kwa masikio. Na masikio yake yalikuwa makali. Mtoto akibabaika alimwambia, "Rudia hapo," na mtoto akarudia, akidhani bibi ameona kosa. Kila asubuhi mikono ilimtoka jasho mpaka mpini wa mhuri ukateleza. Kila jioni alimshukuru Mungu kwamba siku imepita na hakuna mtoto aliyemuuliza, "Bibi, neno hili ni nini?"

Kati ya watoto wote alimpenda mmoja, binti wa fundi cherehani, wa miaka kumi na miwili. Wenzake walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alisoma kama maji ya bomba. Hakubabaika, hakurudia, na hadithi zake zilikuwa tamu kuliko za wote. Bibi Funguo alimpigia mhuri huku anacheka. Wiki ya tano kadi ya Redio ikajaa, ya kwanza kabisa, ikabandikwa ukutani karibu na mlango, nyota ishirini zimepangika.

Siku tatu kabla ya kufunga, Redio alikuja na kitabu kingine. "Kadi imeshajaa, bibi, lakini nakusomea tu."

Kitabu chenyewe Bibi Funguo alikijua. Jalada la njano, mbuzi juu ya paa, pembeni pamechanika akapabandika gundi kwa mkono wake. Jana yake mtoto mdogo wa miaka saba alikuwa amemsomea kitabu hichohicho: mbuzi alipanda paani kwa sababu ya mafuriko. Sasa Redio akaanza. Mbuzi wake alikuwa bwana harusi aliyekimbia harusi.

Bibi Funguo akanyoosha mkono taratibu, akaweka kiganja juu ya picha.

"Endelea."

Redio akanyamaza.

"Endelea, mjukuu wangu."

"Umefunika, bibi."

"Nimefunika picha. Maneno yako hapo chini."

Mtoto alitazama maneno. Halafu akainua macho, na macho yale hayakuwa ya mtoto. "Soma wewe basi."

Nje ufagio wa mlinzi ulisikika ukikwaruza sakafu ya saruji.

"Tangu lini umejua?" Bibi Funguo akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu kitabu cha pili. Nilikishika juu chini, hukusema kitu." Redio akafuta pua kwa mkono. "Darasani tunasoma wote kwa pamoja, bibi. Mimi nafuata sauti za wenzangu. Mama hajui. Ameshanishonea gauni la Jumamosi."

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoingia, ile ya zamani ikawa mchezo. Jumamosi mgeni angechagua kitabu. Mtoto angesimama mbele ya ukumbi mzima na mdomo uliofungika. Watu wangeuliza, nani alimpigia mihuri hii ishirini? Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, limekaa hapa na funguo kiunoni.

Usiku huo na uliofuata hakulala vizuri. Ijumaa alfajiri, mlinzi hajapanga hata kiti chake, alifungua mlango wa mbele, akabandua kadi ya Redio ukutani, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Kadi ikipotea nani atajua? Kadi ya pili ni ya mtoto wa mwalimu, anasoma vizuri, atasimama yeye. Kila kitu kitapita. Alisimama katikati ya rafu, mkono ndani ya mfuko. Akamfikiria yule fundi cherehani, mdomoni pini, anapinda upindo wa gauni. Akamfikiria Redio akiambiwa kadi yake haionekani, anatazama huku na huku, na anajua ni nani mwenye funguo.

Mkutubi alipofika saa mbili alimkuta amekaa ofisini, kadi iko mezani.

"Mtoto huyu hajui kusoma," Bibi Funguo akasema. "Na mimi sijui. Ndiyo maana sikumgundua."

Mkutubi akavua miwani, akaivaa tena. "Bibi. Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Ulinipa mhuri."

"Rafu je?"

"Rangi."

Binti yule akaichukua kadi, akazipitia nyota kwa kidole. Mwishowe akasema, "Kadi za mwaliko zimeshatoka. Tuseme anaumwa. Nitaita mtoto wa mwalimu."

"Mama yake anakuja na gauni. Ataumwaje ndani ya gauni?"

"Sasa unataka nifanyeje, bibi? Wenye pesa za mpango huu watakuwepo. Watasema tunagawa mihuri kama pipi."

"Wataambiwa ukweli. Mihuri ni yangu. Nitakaa naye mimi pale mbele, tutasoma wote wawili."

"Mtakwama."

"Tutakwama."

Mkutubi akainuka na kadi airudishe ukutani. "Mambo ya funguo na kazi yako tutazungumza Jumatatu," akasema. Maneno hayo Bibi Funguo alitembea nayo siku nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Redio, aliyekwisha kuambiwa na Bibi Funguo watakavyofanya, alikuwa na gauni la buluu na mikono baridi kama samaki. Mgeni, mzee mstaafu mwenye fimbo, akachagua kitabu chenye karatasi ya kijani. Bibi Funguo akavuta kiti, akakaa kando ya mtoto, akasema kwa sauti iliyomtoka nyembamba kuliko alivyotaka: "Mimi ndiye niliyempigia mihuri. Nilipiga bila kusoma, kwa sababu sijui vizuri. Yeye naye hajui vizuri. Mtatuvumilia."

Nyuma kabisa mlinzi akaweka kikombe chini. Fundi cherehani alishika mdomo, na macho yake hayakutoka kwa binti yake.

Bibi Funguo akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"M. V. U."

"Mvu," Redio akanong'ona.

"A."

"Mvua."

Neno la pili likawa ukuta. "Ilianza," Redio akabahatisha.

"Hapana. Hii n, hii y. Usitazame picha."

"Ili... nye... ilinyesha."

Walisoma mistari minne. Ilichukua muda wa chai kupoa. Mtoto mmoja alicheka, mamake akamfinya. Walipokwama kabisa Bibi Funguo alifunga kitabu, akasimama, na hakumtazama mtu. Hakujua kama walipiga makofi. Masikioni alisikia damu yake tu.

Jumatatu aliweka funguo mezani kwa Mkutubi kabla hajaombwa. Binti yule akavuta droo, akachukua mhuri wa nyota, akautia ndani na kuifunga. Funguo akazisukuma kwa kidole kimoja zikarudi upande wa Bibi Funguo.

"Wenye pesa wameniandikia barua," Mkutubi alisema. "Wanataka maelezo. Sijui itakuwaje, bibi. Kwangu na kwako."

"Niende nikawaeleze mimi."

"Fungua mlango kwanza. Kuna mtu nje."

Redio alikuwa kwenye ngazi na kadi mpya, tupu. Wakakaa kwenye meza ndogo, mlango wa ukumbi wameufunga. Bibi Funguo akafuta viganja kwenye aproni, akafungua kitabu kile cha Jumamosi, akaweka kidole mwanzo wa mstari wa tano.